Majua Milioni Mia Sita ya Mwalimu Nassra

Mwalimu Nassra Shaame anasomesha fizikia skulini kwetu, na anakaa ghorofa ya pili ya jumba letu la Kiponda, yeye na mama yake Bi Sichana. Sisi tunakaa chini. Ndiyo maana najua mambo mawili ambayo wenzangu wa Kidato cha Tano walikuwa hawayajui. La kwanza, akirudi skuli hukaa kwenye ngazi ya chini dakika kumi nzima kabla ya kupanda, mkoba bado begani, macho ameyafumba. La pili, kwa miaka saba alikuwa akipima uzito wa shimo jeusi.

Shimo lenyewe liko katikati ya galaksi jirani, na hilo neno jirani lisikudanganye. Mwanga tunaouona leo ulitoka huko miaka milioni sitini iliyopita. Nilipomuuliza mara ya kwanza kama amewahi kuliona, alikuwa uani anaosha vikombe.

"Halionekani, mwanangu. Lingekuwa linaonekana lisingekuwa na jina hilo."

"Sasa unalipimaje, Mwalimu?"

Akaipindua ndoo, akaikalia. Nadhani alitamani kukaa kuliko alivyotamani kunijibu.

"Unalijua duara la Michenzani? Magari yanauzunguka mnara. Sasa jaalia mnara ndo unaoyavuta magari yasitoke njiani. Na jaalia kuna ukungu, mnara huuoni, unaona taa za magari tu. Ukiziona zinakwenda mbio na hazitupwi nje, utasema kilichopo kati ni kizito. Zikienda mbio zaidi, utasema kizito zaidi. Basi, kazi yangu ndiyo hiyo. Taa zangu ni gesi."

Nilikaa na jambo hilo wiki nzima. Kule Chile, jangwani, kuna madishi makubwa yanayopokea mawimbi ya redio kutoka kwenye gesi ya galaksi za mbali. Gesi inayotujia, mawimbi yake hubanwa kidogo. Inayotukimbia, mawimbi yake hurefuka kidogo. Kutokana na hapo unapata kasi, na kutokana na kasi unapata uzito. Data zikishakaa muda wake hufunguliwa kwa watu wote, hata kwa mwalimu wa Kiponda mwenye laptopu iliyokufa betri. Mimi nilidhani mambo hayo hufanywa na watu waliovaa makoti meupe. Kumbe hufanywa na mtu aliyevaa kanga, baada ya sala ya Alfajiri, kabla ya kwenda kusomesha vipindi sita.

Alizaliwa Tumbatu. Baba yake, Mzee Shaame, alipata kazi kwenye shamba la serikali la Kizimbani, akahamia huko na mke na mtoto. Kazi yake ilikuwa kukadiria mikarafuu kabla ya kuchumwa: mti huu utatoa pishi ngapi, ule ngapi. Mwalimu Nassra anasema baba yake alikuwa hasemi neno mpaka aumalize mti kwa kuuzunguka wote. Upande wa jua unaweza kuwa na vishada vya karafuu tele, upande wa pili majani matupu. Alipotusimulia hayo darasani akasema, "Galaksi, bahati mbaya, huwezi kuizunguka." Akaandika mada ya siku ile ubaoni.

Alisoma chuo bara, akarudi, akasomesha, na alipofika miaka thelathini na sita akajiandikisha kwa shahada ya uzamivu, hukuhuku anasomesha. Msimamizi wake ni Dakta Saadiya, Mzanzibari anayefundisha chuo huko huko bara. Miaka minne ikawa mitano, mitano ikawa saba. Chuo kilimuongezea muda mara mbili, na barua ya mara ya pili ilisema hakuna ya tatu. Tarehe ya kutetea tasnifu ikapangwa, Alhamisi moja ya mwezi wa sita. Akiikosa, miaka saba imekwenda na hakuna karatasi.

Lakini mwaka huu hakuonekana mtu wa kukosa. Shimo lake lilitoka zito ajabu: majua milioni mia tisa. Yaani ungechukua jua letu hili, ukaweka mengine kama hayo mpaka yafike milioni mia tisa, ndipo mizani ingelingana. Na kwa ukubwa wa galaksi ile lilitakiwa liwe kama theluthi ya hapo. Wataalamu wana mchoro ambao kila galaksi iliyopimwa imewekewa nukta, na nukta zote zimejipanga kama watu waliopiga foleni. Nukta ya Mwalimu ilikuwa juu peke yake. Aliubandika mchoro ule kwenye mlango wa kabati. Bi Sichana akikaa na ukili wake, anasuka kawa la kufunikia chakula, humuonesha kila mgeni: "Ile ya juu kule ndo ya Nassra."

Sasa nieleze desturi moja ya darasa lake, maana mambo yote yalianzia hapo.

Kwa Mwalimu Nassra hakuna kipimo kinachokubaliwa mpaka jirani akipime. Benchi lenu likishapata jibu, mnalifunika karatasi, mnahama, na benchi la pili linakuja kupima vilevile bila ya kuona mlichoandika. Majibu yakipishana, wote mnarudia. Tunaita kipimo cha jirani, na tunakichukia, maana kwa sababu yake hatujawahi kutoka maabara kwa wakati.

Jumamosi moja, kwenye klabu ya fizikia, Yusra alichoka kurudia. Yusra ndiye ninayekaa naye benchi moja, na ulimi wake hauna breki; habari za shimo nilikuwa nshamwambia mimi.

"Mwalimu, na lile shimo lako nani kalipima?"

"Nimelipima mimi."

"Sasa jirani?"

Darasa zima likacheka. Mwalimu naye akacheka, kicheko kile cha mtu aliyeegemea ukuta.

"Yusra, watu wanaopima mashimo meusi Unguja hii ni mimi na paka wa mama. Jirani ntamtoa wapi?"

"Sisi si tupo?"

Jumamosi iliyofuata alikuja na karatasi alizotoa kopi, moja kwa kila benchi, imefunikwa. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili kabla ya utetezi wake. Alisema hatuwezi kupima shimo, lakini tunaweza kumpimia kitu kimoja kinachohitajika, nacho ni mwinamo.

"Sinia ukilitazama kutoka juu ni duara," alisema. "Ukiliinamisha linakuwa kama yai. Galaksi hivyo hivyo. Pimeni urefu wa yai na upana wake, mtapata limeinama nyuzi ngapi."

"Na likiinama kuna nini?" akauliza Haitham wa benchi la kwanza.

"Kuna kila kitu. Sinia likilala bapa mbele yako, gesi inazunguka tu, haikujii wala haikukimbii, huoni kasi. Likisimama ubavu, unaiona kasi yote. Likiwa katikati, unaona sehemu tu, na inayobaki unaijaza kwa hesabu ya mwinamo. Ukikosea mwinamo umekosea uzito, tena kwa mbali."

Tukapima. Benchi la kwanza wakapata nyuzi thelathini na moja. La pili ishirini na tisa. Mwalimu akaitikia kwa kichwa polepole. Yake ilikuwa thelathini. Sisi tukapata sitini.

"Mmekosea. Rudieni."

Tukarudia. Upana ulikuwa nusu ya urefu, hata mtoto wa chekechea angeona. Sitini.

"Benchi la Yusra," Haitham akapiga kelele, "galaksi yenu imepata ajali nini?"

"Yenu ndo imenenepa. Ipunguzie wali."

"Rudieni, nnasema," akasema Mwalimu, na safari hii akaja mwenyewe. Akaitazama karatasi yetu. "Nani kawapa hii?"

"Wewe, Mwalimu."

Haikuwa picha ya galaksi. Ilikuwa ramani ya gesi ya kati tu, kisinia kidogo kilichomo ndani ya sinia kubwa, kile hasa kinacholizunguka shimo. Ilikuwa ya tasnifu yake, ikachanganyika na nyingine kwenye kopi.

"Basi hatukukosea," alisema Yusra. "Tumepima kingine."

Mwalimu Nassra akachukua rula, akapima. Akapima tena. Kisha akaomba rula ya Haitham, kana kwamba ya kwetu ndiyo yenye kosa. Hakuna aliyecheka. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mkobani, akasema, "Leo nendeni mapema." Hajawahi kutwambia hivyo tangu tumjue.

Siku ile alikaa kwenye ngazi muda mrefu mno. Nilimpelekea maji, akayashika, hakuyanywa. Nadhani alihitaji kumwambia mtu yeyote.

"Mwanzo data zilikuwa na ukungu," alisema. "Gesi ya kati ilionekana kidoa tu, haina umbo. Nikachukua mwinamo wa galaksi nzima nikaipa na gesi. Watu hufanya hivyo, si vibaya, huna la kufanya. Halafu miaka miwili iliyopita zikaja data nzuri, kali, umbo linaonekana. Nikafurahi, nikazitia kwenye hesabu." Akapangusa uso kwa ncha ya mtandio. "Lile swali la zamani sikurudi kuliuliza. Lilikuwa nshalijibu."

Lilibaki tumaini moja, na alilishika mpaka kesho yake. Darubini haioni nukta kama nukta; huiona kama doa lililopakwa kwa kidole. Doa likiwa refu, kila kitu hutoka kirefu, hata kama chenyewe ni duara. Huenda yai letu lilikuwa doa tu. Akakagua: doa la darubini lilinyooka kaskazini na kusini. Yai la gesi lilikuwa limelala mashariki na magharibi. Halikuwa doa. Gesi ilikuwa imesimama ubavu kuliko alivyoihesabia, kasi ya kujaziwa ilikuwa ndogo, na shimo lilikuwa jepesi.

Akampigia Dakta Saadiya. Spika ya sikioni ya simu yake imeharibika, kwa hiyo huzungumza kwa sauti ya wazi, na uani kwetu kila mtu husikia.

"Nassra, zimebaki siku kumi na moja."

"Najua."

"Watahini nshawapa rasimu. Wanakuja kusikiliza shimo lililozidi."

"Halikuzidi, Dakta."

"Una hakika?"

"Hakika sina. Nna vipimo vya watoto wawili na rula ya plastiki."

Dakta Saadiya akacheka, akaacha ghafla. Nilisikia ndege wa bara wakilia nyuma yake.

"Nisikilize. Mwisho wa sura tia sentensi moja: mwinamo wa ndani huenda ukawa tofauti. Si uongo. Utapita, utapumzika, kisha utarekebisha taratibu."

"Ungekuwa wewe mtahini ungeliona?"

"Ningeliona," akasema Dakta.

"Basi."

"Basi nini, Nassra?"

"Basi narudia. Wallahi sitaki, lakini narudia."

Kurudia maana yake kompyuta ijaribu maelfu ya mashimo ya uzito mbalimbali na miinamo mbalimbali, ikilinganisha kila moja na gesi ilivyo, mpaka ijue lipi linafanana. Safari moja ilichukua saa kumi. Laptopu haina betri, kwa hiyo waya ukichomoka, kazi yote inaanza upya. Bi Sichana akajipa ulinzi. Aliweka mkeka wake mbele ya plagi na kusuka pale tangu asubuhi, na mtu akija na chaja ya simu alifukuzwa mpaka ngazini. "Hapa panapimwa mgeni wa Nassra! Kachaji kwa mumeo!"

Siku ya tano umeme ulikatika, safari ikiwa imebakiza saa mbili. Mwalimu alirudi skuli akakuta kioo cheusi. Alishuka, akakaa kwenye ngazi, akaegemeza kichwa ukutani, na chokaa ikamwingia kwenye mtandio. Nilidhani analia, lakini alikuwa amelala. Alipozinduka alisema, bila ya kunitazama, "Ningeiambia iandike majibu kila saa moja, yasingepotea. Miaka saba sikufikiria kuiambia." Akapanda juu, akaiambia.

Vipindi vyake hakuacha hata kimoja. Siku ya sita alitusimamia mtihani amesimama, chaki mkononi, na Yusra ananiapia kuwa alikuwa amelala wima. Hakuna aliyemtazamia mwenzake. Sijui kwa nini. Ilikuwa nafasi nzuri kweli.

Jumapili baada ya Alasiri kompyuta ilimaliza. Mwinamo, nyuzi hamsini na tisa. Uzito, majua milioni mia tatu, na huenda ikawa chochote kuanzia mia mbili na thelathini mpaka mia tatu na themanini. Karibu zaidi ya hapo data hazisemi. Majua milioni mia sita yalikuwa yameondoka. Nilijaribu kuyafikiria yamekwenda wapi, nikakumbuka kuwa hayakuwahi kuwepo, na hilo likanisumbua zaidi.

Mwalimu akaubandua mchoro kabatini, akaikata nukta yake kwa kalamu nyekundu, akatia nyingine mahala papya, katikati ya foleni.

"Imepotea," alisema Bi Sichana.

"Haikupotea, mama, hii hapa."

"Siioni. Zote sawa."

"Ndiyo hivyo. Ni kama nyingine."

Bi Sichana akaendelea kusuka, lakini nilimuona akiutupia mchoro jicho, kama anayemtafuta mtoto wake kwenye gwaride la skuli.

Utetezi ulifanyika chumba cha kompyuta skulini, kwa sababu ya intaneti, saa nne asubuhi. Klabu tuliruhusiwa kukaa nyuma kwa sharti mtu asikohoe. Kwenye kioo walikuwepo watahini watatu na Dakta Saadiya. Mwalimu Nassra alivaa buibui jipya na viatu vilevile. Alizungumza dakika arubaini kwa sauti ya chini, bila ya kupamba.

Mtahini mmoja mzee, mwenye miwani iliyoteremka puani, akafunua karatasi zake.

"Rasimu tuliyoletewa ilisema milioni mia tisa. Leo nasikia mia tatu. Kumetokea nini?"

"Nilikosea mwinamo."

"Uligunduaje?"

"Wanafunzi wangu walipima karatasi isiyokuwa yao."

Yusra alinifinya paja mpaka nikataka kupiga kelele. Mzee akavua miwani.

"Kwa hiyo shimo hili halina ajabu yoyote."

"Halina."

"Na sura yako ya tano, ambayo yote ilikuwa juu ya ajabu hiyo, sasa inabaki na nini?"

Mwalimu Nassra aliziweka sawa karatasi zake. Nilidhani anatafuta jibu kubwa. Nadhani alikuwa anatafuta pumzi tu.

"Inabaki na kipimo," akasema.

Wakamtaka asubiri. Tulisubiri dakika hamsini, yeye mikono mapajani, sisi hatukohoi. Waliporudi walisema amepita, kwa sharti aiandike upya sura ya tano ndani ya miezi mitatu. Dakta Saadiya akasema, "Hongera, Dakta Nassra." Sisi tukalipuka kwa makofi. Mwalimu akatugeukia, kidole mdomoni.

"Shh! Chumba cha pili wana mtihani."

Nyumbani Bi Sichana alikuwa amesimama juu ya ngazi, mkeka wake wa plagi bado umetandikwa.

"Wamekupa?"

"Wamenipa, mama."

"Alhamdulillahi. Na mgeni wako?"

"Ndo vile vile. Mia tatu."

"Kwa hivyo miaka saba yote unamhangaikia, kumbe mdogo?"

"Si mdogo. Wa kawaida."

"Majua milioni mia tatu ndo wa kawaida?" Bi Sichana akashika kiuno. "Sasa hao wakubwa wakoje?"

Kwa mara ya kwanza nilimuona Mwalimu akipita ile ngazi ya chini bila ya kukaa. Alipanda moja kwa moja, na Bi Sichana alipomfuata na chai alimkuta amelala juu ya kitanda na viatu vyake, buibui hakulivua. Aliamka Magharibi, akasali, akala boflo na chai baridi, akalala tena.

Jumamosi alirudi klabu kama kawaida. Tulidhani patakuwa na keki, au walau hotuba. Alituketisha, akatoa mkobani ripoti zetu za siku ile ya masinia. Alikuwa amezisahihisha zote, lini, sijui. Benchi la Haitham walipata tisa juu ya kumi. Yetu ilikuwa na saba, na chini kwa wino mwekundu: "Kipimo sahihi. Lakini hamkuandika mlipima karatasi gani. Rudieni."

"Mwalimu!" Yusra akasimama. "Sisi si ndo tulokuokoa?"

"Naam, nyinyi," alisema Mwalimu Nassra, na akapiga miayo mirefu mpaka macho yakamtoka machozi. "Chukueni rula."